Spika za AR-3a za marehemu mjomba: sponji, mpira, au wufa mpya?

Mpwa wa Baharia (Mombasa)

Asalaam aleikum. Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia, alileta kutoka Marekani jozi ya spika za Acoustic Research AR-3a, ambazo zimekaa sebuleni kwetu tangu nikiwa mtoto. Ukingo wa sponji unaozunguka koni (karatasi inayotetema) za wufa, yaani spika kubwa za sauti nzito, zote mbili umeoza, na ukiugusa unabaki vidoleni kama unga uliolowa. Isitoshe, twita ya kushoto, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, haitoi sauti. Njia zilizo mbele yangu ni tatu: kuagiza sponji mpya na kuibandika mwenyewe; kumpa fundi wa mtaani anayetaka kuweka ukingo wa mpira, ambao anasema unyevu wa pwani hautauweza; au kung'oa wufa na kuweka mpya za inchi 12. Moyo wangu umeegemea mpira, lakini naomba ushauri kabla sijaharibu urithi.

Fundi Mstaafu (Dar es Salaam)

Mpwa, fundi wako amesema kweli kuhusu unyevu, kwani sponji ya namna hiyo huoza kwa kunyonya mvuke hata kama spika haipigwi. Alichosahau ni kwamba AR-3a, iliyoanza kuuzwa mwaka 1967, imejengwa juu ya wazo ambalo Edgar Villchur alilitumia katika spika zake tangu mwaka 1954, nalo ni kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku ndiyo springi ya koni. Kwa sababu hiyo koni imeachwa ilegee kupita kawaida: ikiwa nje ya sanduku wufa hutetema yenyewe kwenye Hz (mitetemo kwa sekunde) 18 hivi, na ikifungwa ndani hupanda hadi Hz 42 hivi. Mpira mgumu ukishaongeza springi yake juu ya ile ya hewa, kiwango hicho kitapanda zaidi na besi ya chini, ambayo ndiyo sifa ya spika hizi, itapungua. Agiza sponji laini iliyokatwa kwa ajili ya wufa ya AR ya inchi 12, wala si sponji yoyote yenye kipenyo hicho.

Mpenda Santuri (Nairobi)

Kwa heshima zote, Mzee, mimi niliweka mpira kwenye spika zangu miaka kadhaa iliyopita na sijajuta. Nakiri, hata hivyo, kwamba masanduku yangu yana tundu la kupumulia, kwa hiyo huenda mfano wangu hauingii hapa. Kuhusu wufa mpya ninakubaliana nawe moja kwa moja: nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa masanduku ya namna nyingine, na kuenea kwenye tundu la wufa ya zamani pekee hakutoshi. Swali langu ni la vitendo zaidi. Je, mtu asiyewahi kushika kazi hii ataweza kuiweka katikati koili, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma koni, isikwaruze?

Fundi Mstaafu

Ataweza asipokuwa na haraka. Gundi ya zamani ilainishwe kwa spiriti na kukwanguliwa polepole bila kuchana karatasi ya koni. Sponji ibandikwe kwanza kwenye koni na kuachwa ikauke. Wakati wa kubandika ukingo wa nje, gundi ikiwa bado mbichi, piga sauti ya Hz 20 hadi 30 kwa nguvu ndogo sana na usogeze sponji mpaka mkwaruzo uishe. Wako wanaokata kifuniko cha katikati ya koni na kuingiza vipande vya karatasi kuzunguka koili; ni njia ya uhakika zaidi, lakini kifuniko hakirudi kama kilivyokuwa, nami sikipendi kidonda hicho.

Msikilizaji (Boston)

Ndugu yangu wa Mombasa, usiihukumu twita kabla ya kugeuza vile vitufe viwili vya nyuma. Ndani yake mna potenshometa (vipunguza sauti) ambazo huota kutu, na mara nyingi twita inayodhaniwa imekufa huwa imekatiwa njia hapo tu. Ukishatoa wufa, zifungue na kuzisafisha, na upime kapasita, vile vifaa vinavyogawa sauti kati ya spika za ndani, za mikrofaradi 150, 50 na 6. Kapasita za filamu hudumu, ila ya 150 ni kubwa na ghali mno. Mimi ningenunua kapasita mpya za elektroliti, aina iliyo nafuu, kwa hizo mbili kubwa na filamu kwa ile ya 6 peke yake. Vaa glavu na barakoa, kwa kuwa pamba ya kioo iliyomo inawasha vibaya, na uirudishe yote, maana kiasi chake ni sehemu ya hesabu ya sanduku. Mwishoni ziba kingo za wufa hewa isivuje: koni ikisukumwa taratibu inapaswa kurudi polepole.

Mpwa wa Baharia

Nimegeuza kitufe huku na huku mara ishirini hivi, na twita ya kushoto imeitika, ingawa kwa mikwaruzo. Fundi wa mpira nimemwomba radhi. Sponji nimeagiza leo, na hadi ifike spika zitakaa kimya, kwani Mama amekataa zisikilizwe zikiwa zimechanika.