Seva ya nyumbani inakwama kwa usimbaji wa diski: LUKS, Adiantum, ZFS au mashine mpya?

MpigaPicha_Wete
Assalam aleikum. Seva yangu ya nyumbani ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo), na diski yake ya USB imesimbwa kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kufunga data isisomeke bila nywila. Humo mna mikanda ya harusi, pamoja na ile ya kina mama ndani, kwa hiyo kuiacha wazi siwezi. Ikiibiwa ni heshima za watu. Mtu mmoja akivuta faili, shwari. Vijana wawili wakihariri huku mkanda mwingine unaingia, kila kitu kinaganda. Nibadilishe nini?

FundiMichenzani
Waaleikum salaam. Prosesa ya Pi 4 haina maelekezo maalumu ya AES (njia ya kusimba ambayo LUKS hutumia kwa kawaida), hesabu zote zinafanywa na programu. Endesha `cryptsetup benchmark` uone kasi ya kila njia. Adiantum, njia nyingine ya kusimba, ilitengenezwa na Google kwa simu za bei nafuu zenye udhaifu huohuo, na imo kwenye kerneli (kiini) ya Linux tangu 5.0. Ni nyepesi zaidi hapo. Ila data yote itasimbwa upya. LUKS2 inahimili umeme kukatika katikati ya kazi hiyo, lakini kwa umeme wetu bila nakala ya pembeni usiguse.

Bi_Mkunazini
Kwanza tujue mkosaji, ndugu yangu. Fungua `top` (orodha ya kazi zinazoendeshwa) wakati imeganda. Ukiona kcryptd (kazi za kerneli za kusimba) zimejaa juu, ni usimbaji. Ukiona `wa` (muda wa kusubiri diski) imepanda na prosesa imekaa bure, ni diski yenyewe: ya kuzunguka ikisomwa na wawili na kuandikwa na wa tatu, kichwa chake kinahangaika huku na huku, na hata ukiondoa LUKS hupati kitu.

Seva_Mkoani
ZFS, mfumo wa faili wenye usimbaji wake, naipenda, inasimba sehemu unayotaka tu, tangu OpenZFS 0.8 ya 2019. Lakini nayo inatumia AES, kwa Pi 4 haikuokoi. Halafu majina ya dataset (ndizo hizo sehemu) hubaki wazi, usiandike jina la bibi harusi.

MpigaPicha_Wete
Ahsanteni. kcryptd ndizo zilizojaa, `wa` iko chini.

Bi_Mkunazini
Basi Adiantum kwa sasa. Ukijaaliwa pesa, chukua Pi 5 au kompyuta ya mtumba yenye AES-NI (maelekezo ya AES kwenye prosesa za Intel na AMD). Hapo rudi aes-xts (AES ya kawaida ya LUKS), maana Adiantum haitakuwa na faida tena.

FundiMichenzani
Naunga mkono. Ukiisimba upya, chagua sekta (vipande vinavyosimbwa kimoja kimoja) za baiti 4096 badala ya 512, mzigo unapungua.