Naombeni ushauri: nimeendeleza hadithi ya mtu mwingine na wasomaji wanataka kitabu

Kijana_wa_Uyole: Wakubwa zangu, shikamooni. Mwaka jana nilisoma mtandaoni hadithi ya binti mchuma chai wa Tukuyu, ambayo mtunzi wake aliiachia njiani kwenye sura ya sita. Kwa kuipenda niliiendeleza kwa sura kumi na mbili, nikawa nazituma pamoja na zile za mwanzo kwenye makundi ya WhatsApp. Sasa wasomaji wanataka kitabu, nami sipati usingizi. Kazi hii ni ya nani?

Mama_Iringa: Hongera, mwanangu. Bibi yetu alikuwa akisinzia hadithi ikiwa katikati, mjukuu mkubwa anaimalizia, na hakuna aliyeuliza ni ya nani. Chapisha.

Karani_Mstaafu: Hadithi ya bibi ni ya ukoo, dada yangu, lakini hii ina mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, hata kama hakusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kijana, mwishoni mwa sura zake aliandika nini?

Kijana_wa_Uyole: Aliandika kwamba ametumia leseni ya Creative Commons, toleo la 4.0, inayoruhusu kuisambaza na kuiendeleza kazi yake mradi atajwe na pasifanyike biashara. Mstari huo niliukata ili ujumbe usiwe mrefu. Ni kweli natoza shilingi 500 kwa sura, lakini zile kumi na mbili ni jasho langu, na mchapaji wa Mwanjelwa nimeshamtangulizia shilingi 150,000.

Msafiri_Makambako: Shairi nililomwandikia marehemu baba lilinirudia kwenye simu likiwa na jina la mtu nisiyemjua. Katika ubeti wa tatu, jina la baba yangu lilikuwa limefutwa na kuwekwa la baba yake. Nilikuwa stendi, chai ikapoa mkononi. Fedha sikuzitaka.

Shahidi_Mafinga: Mniwie radhi, lakini mambo haya yamepangika mno. Mtunzi aliyetoweka, mstari uliokatwa, mchapaji anayesubiri: nashuku uzi huu ndio sura ya kumi na tatu ya kijana, nasi tumeshaingizwa humo bila kuombwa ruhusa.

Msafiri_Makambako: Kama ni hivyo, naomba baba yangu aondolewe.

Kijana_wa_Uyole: Sijatunga, dada. Jalada la majaribio liko mezani, lina jina langu peke yake, na wino wake bado unachafua kidole. Mtunzi hajatoweka, anwani yake ninayo. Jana usiku nilimwandikia, kisha nikafuta.

Karani_Mstaafu: Mwandikie tena, umtajie na fedha ulizopokea. Katika toleo hilo la leseni, ukirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu uligundue, ruhusa uliyoipoteza kwa kuvunja masharti hurejea yenyewe, ingawa haki yake ya kukudai haifutiki. Kuhusu kitabu, ni yeye tu anayeweza kukupa ruhusa ya kuuza. Akikataa, sura zako zisomwe bure, na jina lake liwepo.

Kijana_wa_Uyole: Mchapaji hufungua saa mbili. Nitamwomba asimamishe jalada, ingawa sidhani kama atanirudishia fedha yote.