Tupeane uzoefu: bustani za majira ya joto hapa Uingereza, yanayokubali na yanayogoma

Mpandamboga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote mlioko kwenye vishamba vya halmashauri, nyuma ya nyumba, na hata wenye vyungu viwili kwenye baraza.

Msimu wa huku ni mfupi. Kusini, baridi ya usiku inayounguza miche inaweza kupiga hadi katikati ya Mei. Scotland na kaskazini mwa Uingereza ni hadi mwanzoni mwa Juni, na Septemba ikiingia usiku unapoa tena. Kosa la Juni linaonekana Agosti, wakati hakuna nafasi ya kupanda upya. Kwa hiyo naomba kila anayejua aseme kwa undani. Tusiishie kwenye "nyanya zimeharibika": doa lilikuwa la rangi gani, lilianzia wapi, hewa ilikuwaje wiki ile?

Naanza na nyanya kwa kuwa ndizo zinazoulizwa zaidi.

Ukiona doa jeusi au la kahawia, bapa na gumu kama ngozi, chini kabisa ya tunda, huko ni kuoza kitako. Hakuambukizi. Kalsiamu husafiri na maji ndani ya mmea, na maji yakikatika hata siku moja ya jua kali, ncha ya tunda hukosa sehemu yake. Udongo mara nyingi una kalsiamu ya kutosha, ndiyo maana kusaga maganda ya mayai na kumwaga shinani hakutibu. Dawa ni maji yasiyokatika. Mfuko wa kupandia uliolazwa chini hukauka haraka kuliko chungu kirefu cha sentimita 30, na mmea mmoja uliokomaa kwenye chungu hicho siku ya joto unahitaji lita 2 au zaidi, ukigawa asubuhi na jioni. Nyanya ndefu za kupikia huathirika sana, zile ndogo za mviringo kama Sungold na Gardener's Delight ni nadra.

Nyanya za kurefuka zinataka shina moja. Vunja machipukizi ya kwapa, yale yanayotoka kati ya jani na shina, yakiwa na urefu wa kidole. Nje, mmea ukifikisha vishada 4 vya maua kata kilele, ukiacha majani mawili juu ya kishada cha mwisho. Ndani ya kitalu nyumba unaweza kwenda hadi 6 au 7. Aina za kichaka usizivunje kabisa, utakuwa unatupa mavuno. Mbolea ya maji yenye potashi nyingi ianze kishada cha kwanza kinapofunga matunda, kisha kila siku 10 hadi 14. Mbolea yenye naitrojeni nyingi inakupa majani mazuri na matunda machache.

Jambo la mwisho: joto likizidi nyuzi 30 kwa muda mrefu, rangi nyekundu haitengenezwi vizuri na mabega ya tunda hubaki ya njano au ya kijani. Julai 2022, Coningsby huko Lincolnshire ilipofika nyuzi 40.3, vitalu vya kioo vilikuwa tanuri. Fungua madirisha asubuhi mapema, paka kioo rangi ya kivuli, na mwaga maji sakafuni ili hewa ipoe.

Bintimkulima

Ahsante mkuu kwa kufungua uzi. Niongeze ugonjwa wa bakajani chelewa (late blight), maana huo ndio unaomaliza nyanya za nje na viazi kwa siku chache tu.

Inaanza kama doa la kahawia linalotanuka upesi kutoka ukingo au ncha ya jani. Asubuhi yenye unyevu, geuza jani uangalie chini: kuna utando mweupe pembeni mwa doa. Shina nalo hupata mabaka ya kahawia iliyoiva, kisha tunda linakuwa la kahawia likiwa bado gumu.

Wataalamu wa viazi hapa Uingereza hutumia kipimo kiitwacho Hutton tangu 2017. Siku mbili mfululizo ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 10, na kila siku kuna angalau saa 6 za unyevu hewani wa asilimia 90 au zaidi, basi hatari ipo. Huhitaji mitambo. Julai ikikaa siku mbili za manyunyu ya uvuguvugu, kesho yake kagua kila jani.

Mkulima wa nyumbani huku hana dawa ya kupulizia iliyoruhusiwa kwa ugonjwa huu, kwa hiyo kazi yote ni kinga. Chagua Crimson Crush au Mountain Magic kwa nyanya, Sarpo Mira kwa viazi. Mwagilia shinani, usiloweshe majani. Ondoa majani ya chini hadi kishada cha kwanza kilichoanza kuiva ili upepo upite. Mmea chini ya paa, hata la plastiki lililo wazi pembeni, hupona mara nyingi kwa sababu vimelea huhitaji jani lililolowa.

Kwa viazi, ukiona shina limeshikwa kata majani yote usawa wa ardhi na uyaondoe. Halafu subiri wiki mbili kabla ya kuchimba. Ukichimba siku hiyohiyo, vimelea vilivyo juu ya udongo vinagusa viazi vyenye ngozi laini na vinaozea stoo. Mabaki usiyatupe kwenye rundo la mboji la kawaida ambalo halipati joto. Peleka kwenye pipa la taka za bustani la halmashauri au zika chini sana.

Jirani_wa_Leicester

Shikamoo wakubwa. Naomba msaada: nyanya na maharage yamekunja majani, yale mapya ya juu yamekuwa membamba na yamejipinda. Maji yapo, wadudu sioni. Kitanda cha mboga kiliwekwa samadi ya farasi mwezi wa nne.

Mzee wa Mboji

Marahaba. Samadi ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Kuna dawa ya magugu ya malisho yenye kiambato kiitwacho aminopiralidi. Inaua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi. Farasi anakula nyasi au hei iliyopuliziwa, dawa inapita tumboni bila kuvunjika, inatoka na kinyesi, na kiasi kidogo sana kinatosha kupotosha nyanya, viazi, maharage, njegere na karoti. Dalili ni hiyo uliyoitaja: majani mapya yanakunjana kama kikombe au kuwa membamba. Mahindi, kwa kuwa ni jamii ya nyasi, hayaguswi. Ukiwa na mahindi kitanda hichohicho na yako salama, una ushahidi mkubwa.

Tofautisha na kukunja kwa kawaida. Majani ya *chini* ya nyanya, yaliyozeeka, yakijiviringisha kuelekea juu wakati mchana ni joto na usiku baridi, hayana shida yoyote.

Usitoe samadi hiyo kumpa mtu mwingine na usiifanye mboji. Ichanganye na udongo uliopo, pindua mara kadhaa, maana vijidudu vya udongo ndivyo vinavyoivunja dawa. Ikibaki kwenye rundo lililofungwa inakaa muda mrefu. Panda mahindi hapo mwakani.

Kabla ya kutumia samadi yoyote mpya, ipime. Chukua vyungu viwili vya sentimita 15. Kimoja mboji ya dukani peke yake, cha pili mboji hiyohiyo nusu kwa nusu na samadi. Panda mbegu 3 au 4 za maharage mapana kila kimoja, weka visahani tofauti ili maji yasichanganyike, subiri hadi ziwe na majani jozi tatu hivi. Cha pili kikikunja na cha kwanza kikiwa sawa, rudisha mzigo. Na muulize mwenye farasi malisho yalipuliziwa nini. Una haki ya kuuliza, ingawa wengi hawajui.

Dada_Zari

Makoa, wale konokono wasio na gamba. Naona watu bado wanatumia pesa kwenye utepe wa shaba na maganda ya mayai. Royal Horticultural Society (chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza) walijaribu mwaka 2018 vizuizi vitano kwenye saladi: utepe wa shaba, changarawe, magome ya msonobari, vidonge vya sufu na maganda ya mayai. Makoa walikula saladi ilivyokuwa, bila tofauti ya maana.

Vidonge vya metaldehidi vimepigwa marufuku kutumika bustanini tangu 2022, kwa hiyo pakiti ya zamani iliyobaki bandani usiitumie, peleka kituo cha taka za sumu. Kilichobaki ni vidonge vya fosfeti ya chuma (tupa vichache, mbalimbali, mlundikano hausaidii) na nematodi wa kumwagia (minyoo midogo sana inayoua makoa). Nematodi ni viumbe hai: weka kwenye friji, tumia kabla ya tarehe kupita, udongo uwe umelowa na joto lake lipite nyuzi 5, mwaga jioni. Nguvu yake ni kama wiki 6, na hufanya kazi zaidi kwa makoa walio ndani ya udongo kuliko konokono wenye gamba.

Lakini mbinu ya bure ndiyo bora: usihamishe mche mdogo. Kojeti (courgette, jamii ya maboga) au alizeti ikae chunguni hadi shina liwe gumu, kisha mwagilia asubuhi badala ya jioni ili ardhi iwe kavu usiku wanapotembea. Na yule mkubwa mwenye madoa ya chui mwache, anakula vilivyooza na hata makoa wenzake. Spishi zinazojulikana hapa ni kama 44 na tisa tu ndizo zinazosumbua mimea ya bustani.

Mama Sukuma

Kwa wanaolima mboga za nyumbani: sukuma wiki inapenda hewa ya huku kuliko mboga nyingi. Adui ni kipepeo mweupe na njiwa. Neti yenye matundu ya milimita 7 au chini, na isiguse majani, maana kipepeo anataga kupitia tundu jani likigusa neti. Kila siku 3 au 4 geuza majani, ukiona mafungu ya mayai ya njano yafinye kwa kidole. Chuma majani ya chini, acha kilele.

Mchicha unahitaji udongo wa vuguvugu, karibu nyuzi 15. Kusini panda moja kwa moja mwisho wa Mei au Juni, nusu sentimita tu chini ya udongo. Kaskazini anzia ndani. Ukifika sentimita 20 kata kilele ili utoe matawi, na uendelee kuchuma, maana siku zikizidi kufupika Agosti unakimbilia maua.

Mahindi ya mbegu kutoka nyumbani yataleta majani marefu na hayatafika. Mengi yamezoea siku za saa 12, na mwanga mrefu wa Juni, zaidi ya saa 16 London, unayachelewesha kutoa mbelewele. Nunua mahindi matamu ya muda mfupi kama Swift. Yapande kwa mraba, 4 kwa 4, nafasi sentimita 35 hadi 45, kwa sababu chavua hubebwa na upepo. Mstari mmoja mrefu unatoa magunzi yenye mapengo.

Kijana_wa_Fito

Maharage ya kupanda juu ya fito, yale ya maua mekundu: fito za mita 2.4, mimea sentimita 15. Maua yakidondoka bila kufunga, sababu kubwa ni ukavu mizizini na usiku wa joto. Kunyunyizia maua maji hakusaidii. Mwaga lita 5 hadi 9 kwa mita ya mraba kila siku 3 au 4 yanapochanua, na weka matandazo. Chuma kila baada ya siku mbili tatu, maana maganda yakikomaa mmea unaacha kutoa mengine. Na yapikwe, mabichi yana sumu.

Bintimkulima

Kojeti kwa kifupi: tunda dogo likioza nchani mwezi Juni ni uchavushaji uliokosekana kwa sababu ya baridi na mvua. Vunja ua dume (kikonyo chembamba, hakuna kitunda nyuma), ondoa petali, gusa katikati ya ua jike asubuhi. Ubwiri unga mweupe juu ya majani Agosti huja mizizi ikiwa mikavu. Na kojeti ikiwa chungu mdomoni, tema na utupe zote za mmea huo. Ni sumu ya kukabitasini na kupika hakuiondoi. Hutokea zaidi kwa mbegu zilizohifadhiwa kutoka bustani yenye maboga ya mapambo karibu.

Jirani_wa_Leicester

Nimewaelewa, Mzee, nashukuru sana. Swali la mwisho: kampuni ya maji ikipiga marufuku mipira ya maji, mnafanyaje?

Mpandamboga

Marufuku ni ya mpira, na faini inaweza kufika pauni 1,000. Keni ya kumwagilia inaruhusiwa. Mabomba ya matone mara nyingi huruhusiwa pia, ila soma masharti ya kampuni ya eneo lako, hayafanani.

Piga hesabu ya pipa mapema. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Banda la mita 2 kwa 3 lina mita 6 za mraba, kwa hiyo pipa la lita 200 linahitaji mvua ya kama milimita 33, na zaidi kidogo kwa kuwa mengine yanapotea. Majira ya joto makavu hiyo ni mvua ya wiki kadhaa. Paa la nyumba linalijaza kwa mvua moja nzuri, ukifunga kigawanyio kwenye bomba la kushuka. Weka kifuniko, na inua pipa juu ya matofali ili keni iingie chini ya koki.

Maji yakiwa haba, gawa hivi: vyungu kwanza, kisha chochote kilichopandwa mwaka huu, kisha maharage yanayochanua na nyanya zenye matunda. Majani ya uwanja usiyape hata tone, inua kisu cha mashine hadi sentimita 5. Yatakuwa ya kahawia, na mvua ya vuli itayarudisha.