Sita na tisa, 6 na 9: bahati tu au kuna kitu nyuma yake?

Mpenda_Herufi
Wakuu habari zenu, hili jambo limeniganda kichwani wiki nzima naomba tulijadili kwa moyo mweupe. Chukua karatasi andika SITA, alafu S na T zibadilishane nafasi, unapata TISA. Sasa andika 6 igeuze karatasi juu chini, unapata 9. Yaani neno linageuka, tarakimu nayo inageuka, na vyote vinaangukia palepale! Nilipoiona nilikaa kimya kama dakika tano hivi.

Basi nikaanza kuchimba. Nikazipa herufi namba, A ni 1 mpaka Z ni 26, nikajumlisha jina BARAKA: 2+1+18+1+11+1 = 34, na 3+4 ni 7. Nikajumlisha SUBIRA ikatoka 70, na 7+0 ni 7. Baraka na subira zote saba jamani. Alafu nikakutana na tarehe za Stephen Hawking, kazaliwa 8 Januari 1942, siku ambayo Galileo alikuwa ametimiza miaka 300 kamili tangu afariki, na Hawking mwenyewe akafariki 14 Machi 2018, tarehe aliyozaliwa Einstein mwaka 1879. Hao wote watu wa sayansi ya anga na fizikia.

Swali langu ni hili, mtu anatofautishaje mpangilio wenye chanzo na ule uliojitokea tu? Maana mimi kila nikitafuta napata, na hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi.

Bin_Kamusi
Asante kwa hii ya sita na tisa, nimeirudia kwenye karatasi mara mbili, ni nzuri kweli. Ila njia ya kuipima ni kuuliza kila kipande kimepita njia gani mpaka kikafika hapa. Sita, saba na tisa tumezitoa kwenye Kiarabu, ambako ni sitta, sab'a na tis'a. Ukiangalia sitta ina T mbili, na tis'a ina ile herufi ya Kiarabu ayn mwishoni, kwahiyo kule kwao ukibadilisha herufi hupati kitu. Ni sisi tulipoyalainisha maneno ndio yakabaki na herufi zilezile nne. Na Kiswahili cha zamani sita ilikuwa tandatu, saba ilikuwa fungate (ndio hiyohiyo fungate ya maharusi, siku saba), na tisa ilikuwa kenda. Jaribu kuigeuza tandatu ikupe kenda uone.

Upande wa tarakimu, hizi 6 na 9 tumezipata kwa maandishi ya Kizungu. Waliotuletea hayo maneno wao wanaandika ٦ na ٩, ukigeuza karatasi moja haiwi nyingine. Kwahiyo neno limekuja kwa njia yake na umbo kwa njia yake, zikakutana kwetu. Mimi naona kukutana kwao kunapendeza zaidi nikijua hivyo.

Hesabu_Kwanza
Mimi niongelee tarehe. Watu huwa tunahesabu zilizolingana tunasahau ni ngapi tulizipitia. Ukikusanya watu 23 tu chumbani, uwezekano wa wawili kushea siku ya kuzaliwa unavuka nusu, ni kama asilimia 50.7. Wengi wanakataa mpaka uwaambie kwamba watu 23 wanatoa jozi 253, na kila jozi ni nafasi ya kulingana. Sasa chukua wanasayansi wote maarufu, kila mmoja ana tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, jozi zake ni nyingi mno, zisipolingana hata moja ndio ungeshangaa. Na Hawking mwenyewe alishasema kwa makadirio yake siku ile walizaliwa watoto kama 200,000, hao wengine hakuna anayewataja na Galileo.

Mfano mwingine ni Lincoln na Kennedy, marais wa Marekani waliouawa. Wanaosimulia watakwambia mmoja kachaguliwa rais 1860 mwingine 1960, wote wakapigwa risasi Ijumaa, wote wakarithiwa na mtu anaitwa Johnson, na hao kina Johnson mmoja kazaliwa 1808 mwingine 1908. Hayo ni kweli kabisa. Lakini Lincoln kazaliwa 1809 na Kennedy 1917, wamekufa 1865 na 1963, hizo miaka mia haitoki, kwahiyo hazisimuliwi. Alafu wanaongeza eti Lincoln alikuwa na katibu anaitwa Kennedy, wakati makatibu wake wanajulikana, John Nicolay na John Hay. Hapo ndipo huwa naumia, kitu kilichokuwa cha kweli kinatiwa chumvi mpaka kinaharibika.

Mwana_wa_Juma
Nakuletea mpangilio wenye chanzo sasa, na uko kinywani mwako kila wiki. Jumatano ina tano ndani yake. Kesho yake ni Alhamisi, nayo ina tano pia, ni khamsa ya Kiarabu! Siku mbili zinafuatana zote zinaitwa ya tano. Sababu ni kwamba Jumamosi kwetu ni mosi, siku ya kwanza ya juma, wakati Waarabu wanaanzia Jumapili. Na hii unaweza kuipima kabla ya kufungua kamusi: kama wao wako nyuma yetu kwa moja, basi Jumatatu kwao lazima iwe mbili na Jumatano iwe nne. Fungua sasa, al-ithnayn ni ya mbili, al-arbi'a ni ya nne. Septemba nayo ndio hivyohivyo, kwa Kilatini septem ni saba lakini ni mwezi wa tisa, kwasababu mwaka wa zamani wa Warumi ulianza Machi.

Lakini neno kufanana peke yake halitoshi. Kulikuwa na lugha ya wenyeji wa Australia iliyoitwa Mbabaram, mbwa walimwita dog, sawasawa na Kiingereza, na hizo lugha hazina undugu wowote.

Mpenda_Herufi
Nimerudi wakuu. Hiyo ya kutabiri kabla ya kufungua nimeifanya jana usiku. Niliandika kwanza kwamba saba itatokea zaidi kuliko namba zingine, ndipo nikaorodhesha majina 18 ya ndugu zangu nikayajumlisha yote bila kuchagua. Matokeo yanayowezekana ni tisa, 1 mpaka 9, kwahiyo kwa bahati tu saba ingetokea kama mara mbili. Imetokea mara mbili. Alafu nikayapima maneno ya namba zenyewe, SABA inatoa 23, yaani 5, NANE ndiyo inatoa 7. Kati ya moja mpaka tisa ni TANO peke yake iliyojitoa yenyewe, 20+1+14+15 ni 50, na 5+0 ni 5.

Kwahiyo herufi nimeziweka pembeni. Ila ya Jumatano na Alhamisi imenikosesha usingizi, miaka yote naitamka na sijawahi kuisikia. Mwenye nyingine ya aina hiyo alete.