Mrejesho: filamu za kwenye kompyuta sasa zinachezwa kwenye runinga

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kutazama sebuleni filamu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta bila kubebana na flashi, kwa kuwa flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4. Kwa ushauri wenu nilisakinisha Jellyfin, programu ya bure inayorusha filamu za kwenye kompyuta hadi vifaa vingine kupitia mtandao wa nyumbani, nikaielekeza kwenye folda ya filamu, kisha nikaandika kwenye runinga anwani ya kompyuta ikifuatiwa na namba 8096, na filamu zote zikajitokeza pamoja na majalada yake.

Usumbufu ulibaki kwenye filamu za H.265 (mtindo mpya zaidi wa kubana video), ambazo runinga yangu ya zamani haiwezi kuzifungua, hivyo kompyuta ililazimika kuzigeuza kuwa H.264, mtindo wa zamani zaidi, papo hapo huku feni ikivuma kama mashine ya kusaga na picha ikikwama kila mara. Nilipoiruhusu kadi ya picha ishiriki kazi hiyo kupitia mipangilio, mkwamo uliisha. Waya kutoka kwenye ruta nao, kwa maoni yangu, unaishinda Wi-Fi kwa mbali, ingawa mwenye nyumba hakulifurahia tundu la ukutani. Maandishi ya tafsiri huonekana vizuri, mradi faili la SRT lipewe jina lilelile la filamu na kuwekwa kwenye folda moja nayo.