Mteja anasema programu yetu "haiaminiki", na kandarasi haina kipimo. Naomba ushauri

Kijana_wa_Bahati:
Wakubwa, habari zenu. Sisi ni watatu, tuna ofisi ndogo hapa Nakuru mjini. Tulitengenezea chama kimoja cha wafugaji programu ya kupokea maziwa: karani anapima, anaingiza kilo kwenye simu, mkulima anapata ujumbe, na mwisho wa mwezi malipo yanajumlishwa. Kuhusu ubora, kandarasi ina sentensi moja tu: "Programu iwe ya haraka, rahisi kutumia na ya kuaminika."

Sasa chama kimekataa kumalizia malipo. Wanasema inakawia na haiaminiki. Ofisini kwetu inafunguka mara moja! Tukikutana tunabishana tu, maana hakuna upande wenye kipimo. Wamekubali tuandike upya kipengele hicho kabla ya awamu ya pili. Nianzie wapi? Nikinakili sifa zote za ISO/IEC 25010, kile kiwango cha kimataifa cha ubora wa programu, itatosha? Kinachoniuma zaidi ni wakulima. Mzee mmoja alikosa kilo 14 kwenye hesabu yake, na mpaka leo hatujui zilipotelea wapi.

Mpimaji_Kisumu:
Pole kaka. Kazi yangu ni kujaribu programu kabla hazijakabidhiwa, na ubishi huu nimeukuta mara nyingi. Usinakili. Kiwango hicho ni cha kukukumbusha usisahau jambo: toleo la 2011 lilikuwa na sifa 8, la 2023 lina 9. Lakini hakiwezi kukuambia sekunde ngapi zinamtosha karani wako. "Haraka" bado ni tamanio. Andika nani, akiwa wapi, anafanya nini, ichukue muda gani, na mtapima vipi. Kisha chagua sifa tatu au nne ambazo zikikosekana chama kinaumia. Ukizibeba zote 9 kwa uzito sawa, hutapima hata moja.

Mama_Daftari:
Mimi si mtu wa kompyuta, ila nimepokea maziwa miaka mingi upande wa Molo. Mwanangu, uliwahi kusimama kituoni saa kumi na moja alfajiri? Baridi ni kali, vidole vimelowa maziwa, mwanga ni wa tochi, na watu wa bodaboda wanapiga honi wakimbizane na lori. Simu ikianza kuzungusha kile kiduara, siwezi kusimamisha foleni. Naandika kwenye daftari, naingiza mchana nikiwa nimechoka. Hapo ndipo kilo za watu hupotea au huingia mara mbili. Hizo 14 zitafute kwenye daftari la karani kabla ya kuzitafuta kwenye kompyuta.

Kijana_wa_Bahati:
Mama, asante sana. Hatukuwahi kufika kituoni alfajiri. Mahitaji yote tulipewa na meneja, ofisini kwake.

Mpimaji_Kisumu:
Umeona? Kukawia ndiko kulikozaa kutoaminika. Ukiandika mahitaji haya mawili mbalimbali bila kujua yanavyoshikana, utarekebisha moja na lingine libaki.

Seva_Kakamega:
Nyongeza kuhusu upatikanaji, yaani programu iwe inafanya kazi kwa sehemu gani ya muda wote. Meneja atakuomba "asilimia 99". Mpigie hesabu: kwa mwezi wa siku 30, hiyo inaruhusu programu isifanye kazi kwa saa 7 na dakika 12. Zote zikiangukia alfajiri, umeharibu zaidi ya asubuhi mbili za mapokezi. Asilimia 99.9 ni dakika 43 hivi, lakini gharama inapanda. Afadhali mtaje saa zenyewe, na rekodi ihifadhiwe kwanza kwenye simu, iende kwa seva mtandao ukirudi.

Wakili_Mdogo:
Usisahau faragha. Mna majina, namba za vitambulisho na namba za M-Pesa za wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru, Kamishna wa Data lazima aarifiwe ndani ya saa 72. Andikeni kwenye kandarasi ni nani anaarifu, na nani anaruhusiwa kuona nini.

Kijana_wa_Bahati:
Nimejaribu hivi, mnikosoe:

"Kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa mbili asubuhi, karani kituoni ahifadhi rekodi moja ndani ya sekunde 3, mtandao uwepo usiwepo. Kati ya rekodi 200 za majaribio, huku simu ikizimwa ghafla mara 20, isipotee hata moja iliyothibitishwa, wala isihesabiwe mara mbili."

Kesho naamkia kituoni na saa ya kupimia.

Mpimaji_Kisumu:
Hii sasa inapimika. Taja pia ni simu gani. Pima kwa ile ya karani, iliyojaa picha na betri imechoka, wala si yako. Na hizo sekunde 3 usiziandike mpaka umeona mwenyewe foleni inavumilia ngapi.

Mama_Daftari:
Vaa sweta. Na umuulize karani akuonyeshe daftari.