Mliokaa au kupita Lyon: usiku wenu ulikuwaje? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za majukumu. Humu mtu akitaja Ufaransa kila mmoja anakimbilia Paris, leo naomba tuiongelee Lyon, na siyo vibali wala vyumba, nataka starehe za usiku: muziki, dansi, maigizo, klabu.

Naanza. Jamaa wa chuo alinivuta Nuits de Fourvière, tamasha la Juni na Julai kule kilimani, ndani ya ukumbi wa Warumi wa miaka elfu mbili na ushee, hauna paa, mnakalia mawe, kwa hiyo unapewa kimto chembamba cha kuweka chini. Shoo imeisha, nakusanya vitu vyangu, ghafla naona vimto vinaruka kuelekea jukwaani, wazee kwa vijana wanarusha, nikajua msanii kawaudhi kumbe ndo wanampongeza hivyo!! Na mwenyewe anacheka anavirudisha. Bongo mabaunsa wangekuwa washakubeba.

Mtoto wa Tandale:
Mimi hela ya opera sikuwa nayo ila opera nilishinda 😂. Lile jengo ambalo msanifu majengo Jean Nouvel alilivalisha kuba la vioo likafunguliwa upya 1993, chini kwenye nguzo sakafu inateleza vizuri, basi madogo wa brekidansi wamepafanya kambi miaka na miaka. Kundi la Pockemon Crew walianzia hapohapo sakafuni. Wenye suti wanaingia ndani, nje dogo anazunguka kwa kichwa, na mimi na kahawa yangu naangalia bure.

Kaka Mkubwa:
Opera baadaye, klabu je?

Mzee wa Konfluensi:
Klabu jipange. Kabla ya saa saba usiku hakuna mtu, wako majumbani au kwenye zile boti za kando ya mto Rhône zilizogeuzwa baa. Halafu mkienda wanaume watupu mnageuziwa mlangoni, sisi tulikuwa wanaume wanne, weusi wote, baunsa katuambia leo ni wateja wa kila siku tu, na nyuma yetu wakaingia watalii na ramani mkononi. Klabu yenyewe siitaji. Tukaishia Le Sucre, iko juu ya paa la ghala la zamani la sukari, elektroniki mwanzo mwisho, ukingojea singeli utazeeka, ila watu wake hawana noma.

Mama Bukavu:
Jambo ba ndugu. Miye nilicheza mu Défilé, ile gwaride ya Biennale ya dansi, inafanyikaka kila miaka mbili, mwezi wa tisa, tangu 1996. Haiko ya bakubwa ba dansi, ni batu ba kartie (mtaa), ba mama, bazee, batoto ba shule, munafanya mazoezi miezi na miezi kisha munashuka mu barabara mamia kwa mamia. Kifaransa nilikuwa nakijua zamani mais majirani yangu nilibajulia mu mazoezi. Kulikuwa mama moja wa miaka makumi saba, kiuno yake ilitupatisha haya siye wote.

Nipo Villeurbanne:
Mkiwa na watoto wapelekeni Guignol. Kikaragosi cha miaka 200 hivi, aliyemtengeneza Laurent Mourguet alikuwa mfumaji wa hariri akageuka mng'oa meno, vikaragosi vilikuwa vya kuvutia wateja. Watoto wanapiga kelele kumshtua Guignol polisi anakuja.

Ila 8 Desemba ndiyo siku yangu, Fête des Lumières, sikukuu ya mataa. Mataa makubwa yanajaza watu hadi hupumui, mimi napenda vile vimishumaa vya madirishani, watu wanaviwasha tangu 1852. Mwaka 2015 baada ya mashambulizi ya Paris shoo kubwa zilifutwa, wenyeji wakaweka mishumaa tu, nilitembea mtaa hadi mtaa.

Mleta uzi:
Mama Bukavu, Défilé ijayo wanaandikisha wapi? Nakuja na kiuno changu.

Mama Bukavu:
Uliza ku centre social, ile nyumba ya jamii ya kartie yako. Mais mazoezi iko siku ya Yenga (Jumapili) asubui, klabu utaiacha 😂